Foto ya Mudogo Wangu Katikati ya Mishumaa

Kwa ule mwanamuke mupiga-foto, kila kitu kilikuwa "fort", kitu kikali, cha nguvu. Yai ni fort. Moshi ni fort. Hata mimi nikichambua lenga-lenga mu cuisine yangu, na bigudi za kukunja nywele ku kichwa, ananiambia na ile sauti yake ya kubembeleza mutoto mwenye anataka kulala: "Oh, maman, restez comme ça. C'est fort. C'est très, très fort." Mimi namujibu: "Binti yangu, fort ni pilipili. Hii ni majani tu." Anacheka, klak, foto imeshaenda. Kitu kimoja tu kwake hakikuwaka fort, ni kahawa. Alikuwa anaipika unaona chini ya kikombe.

Sikumuchukia mara moja. Nataka mujue hivyo, juu nitasema namna alimuzika mudogo wangu, binti ya mama yangu, akiwa muzima, na mutazani nilimuchukia tangu mulango. Hapana. Nilimuzoea. Mimi sikukaa ku masomo, kalamu haijuani na mukono yangu, nasema tu na mudomo, na mudomo yangu inapenda bantu, hata benye inacheka.

Tulikuwa tunakaa Schaerbeek, hapa Bruxelles, nyumba ya ngazi nyembamba, ukipanda na sac ya viazi unaacha kwanza roho deuxième kisha unashuka kuitafuta. Pale deuxième, ngorofa ya pili, njo kwetu, mimi na mudogo wangu. Chini, ku rez-de-chaussée, alikaa mama mumoja wa Mexique, mufupi, muzito, nywele ya mvi imesukwa mpaka ku kiuno. Mu semaine alikuwa anafanya usafi mu bureaux, sawa na nusu ya bamama ba mji huu. Samedi, njo jumamosi, cuisine yake inageuka dispensaire.

Siku ya kwanza nilizani nyumba inawaka. Moshi unapanda ku ngazi, mimi nashuka na ndoo ya maji. Nasukuma mulango: muzungu mumoja, mutu muzima, anasimama bila viatu katikati ya cuisine, amefunga macho, na ule mama anamupitisha yai bichi ku kichwa, ku mabega, ku tumbo, huku anaomba Bikira wao, ule mwenye nguo ya nyota. Akaona ndoo yangu. "No, no, mamita! Hakuna moto! C'est l'encens, ubani tu! Tranquila!" Alikuwa anachanganya Kifaransa na Kispanyola sawa vile sisi tunachanganya yetu, njo maana tulisikilizana upesi kuliko na bantu ba commune, bale ba ofisi ya makaratasi.

Yai linakamata mambo mabaya ya muntu, kisha analipasua mu verre ya maji na kuangalia namna linakaa. Mimi nilimuambia: "Kwetu yai tunakula." Akanijibu: "Hii ukikula, mamita, utakufa na mambo ya jirani." Tukacheka. Tukakuwa barafiki.

Sasa mudogo wangu. Alikuwa anatumika mu nyumba ya bazee, anaosha bazungu benye batoto babo habana muda. Muntu wa kicheko kidogo, wa kujibana. Siku moja akanikalisha ku canapé, akaniambia baganga baliona kitu ku ziwa lake, ni ile ugonjwa yenyewe, na chimio, ile dawa inaangusha nywele, inaanza. Mbele nifungue mudomo kulia, akanishika mukono, mimi yaya wake, mukubwa wake: "Yaya, usiambie muntu. Muntu hata mumoja."

Nilijua juu ya nini. Tulikuwa na shangazi Charleroi, aligonjwa vile vile, na habari ikatoka. Bamama bakaanza kufika. Bananyemelea ku mulango na thermos na viti vya plastique, banakaa duara, banamuangalia. "Oooh, maman, umekonda! Mungu anajua. Batoto batabaki na nani?" Na macho yanapima urefu wake. Shangazi aliniambia ku sikio: "Ugonjwa hauniuwi. Bageni njo bananiua." Kweli, alimalizika bakiwa pale banamuangalia.

Mudogo wangu akaniambia: "Siku nikikufa, balie. Bajaze barabara mpaka tram isimame. Lakini nikiwa napumua, sitaki muntu anililie." Basi ku kanisa tukasema anafanya kazi Etterbeek, analala kule kwa famille moja ya bafonctionnaires, anachunga batoto. Akanunua nywele ya kuvaa. Nikakuwa mulinzi wa mulango wake.

Mimi njo nilimushusha kwa mama wa Mexique. Sisi ni bakristo, naye alikataa: "Yaya, mayai?" Nikamuambia Bikira ni ule ule, amebadilisha tu nguo.

Na ule mama hakusema atamuponya. Pale nilimuheshimu. Alisema: "Hospitali kwa ugonjwa. Mimi, kwa woga." Kwao, muntu akishituka sana, roho yake inamutoka, inabaki pale pale alishitukia, na mwili unatembea bila mwenyewe. Akamuuliza: "Ulishitukia wapi?" Mudogo wangu akafikiri. "Mu couloir ya hospitali, ku kiti cha kijani. Pale munganga alisema ile neno."

Akamupangusa na yai, akamupiga polepole na majani yenye harufu, akampulizia pombe na mudomo, pfff, sawa mvua ndogo. Kisha akageukia mulango, akaita jina ya mudogo wangu, sauti ya mama mwenye anaita mutoto mangaribi: "Kuya. Usibaki kule ku kiti. Kuya nyumbani." Mimi nilikuwa nimeshatayarisha kumuiga, nikirudi juu nicheke. Kicheko kikanikwama. Mudogo wangu alikuwa anatetemeka sawa nguo ku kamba. Ile siku akaomba ugali na samaki, akamaliza sahani, akalala bila kidonge.

Tukakuwa tunashuka kila samedi.

Mupiga-foto alikuya kisha. Alikuwa amekaa myaka Mexique anafuata baganga ya majani na bantu ya kuomba, na sasa alikuwa anawatafuta hapa Bruxelles. Alituonyesha foto zake ku ordinateur: bantu banaenda kwa Bikira na magoti mpaka damu, vimiguu na vimoyo vya chuma banamutundikia Bikira wakipona. Kulikuwa foto moja ya muzee anatembea na magoti ku lami, na bibi yake anamutandikia blanketi mbele, anapita nyuma kuivuta, anarudi kuitandika tena. Ile nilipenda. Bote bangeangalia muzee. Yeye alimuona bibi. Muntu mwenye anaona vile, unajisemea, huyu anajua mambo.

Mudogo wangu alikataa foto. Mupiga-foto hakulazimisha. Akawa anakaa ku kona na apareye yake mu mapaja, samedi kwa samedi, anachuna majani pamoja na sisi. Akaanza kuniita maman bila kuuliza kama namutaka.

Kisha siku moja joto lilikuwa kali, moshi mwingi, na mudogo wangu akavua ile nywele ya kuvaa, akaitupa ku meza karibu na tomates. Mara ya kwanza mbele ya bantu. Mama wa Mexique akamuweka yai ku paji ya uso. Mudogo wangu akafunga macho, machozi inashuka, na mudomo unacheka. Klak.

Mupiga-foto alikuwa mwekundu. "Pardon. Pardon, maman. Mukitaka naifuta." Akamuonyesha ku kioo kidogo ya apareye. Mudogo wangu akaangalia, akaangalia. Tangu chimio ianze, alikuwa amefunika kioo ya salle de bain na taulo. Akaniita: "Yaya, ona. Ni mimi huyu? Mbona niko muzuri hivi?"

Njo vile alikubali, na kinywa chake mwenyewe, sitawadanganya. Akasema: "Onyesha bazungu benzako. Bazungu bananijua wapi? Lakini bantu ya kwetu basione." Mupiga-foto akaweka mukono ku kifua: "Je vous le jure. Ni salle ndogo, Etterbeek. Bantu ba bureaux, banapitaka kisha kazi, banakunywa verre moja, banaenda." Na hakudanganya. Bale bantu njo balikuya.

Exposition, ile maonyesho ya foto, ilikuwa mu mwezi wa kumi na moja. Sasa, ule mwezi kwa bantu ba Mexique ni mwezi wa bafu babo, bantu benye balishakufa. Banatengeneza meza ya ngazi-ngazi, banaweka foto za bafu, mishumaa, maua ya rangi ya machungwa, mikate, ili bafu bakuye kula kidogo. Mupiga-foto akataka meza sawa ile, katikati ya salle. Akaazima kwa mama wa Mexique basantu bake, zile sanamu za batakatifu, akabeba mu taxi. Ule mama siku ya kutengeneza alikuwa ku kazi, anapangusa bureaux. Hakuna mwenye alimuuliza foto gani itapanda pale.

Akapandisha bote. Bafu na bazima, pamoja. Mudogo wangu akawekwa juu kabisa, foto kubwa sawa mulango, cadre nyeusi, mishumaa chini ya kidevu, maua pande mbili.

Ku mulango ya salle kulikuwa gardien, tonton mumoja wa Bukavu, anaimbaka basse mu kanisa yetu. Bazungu bananunua verre yabo, banaona sanaa. Yeye ameona nini? Mwambieni Mukongomani yeyote aangalie ile kitu. Foto kubwa, mishumaa, maua, uso umefunga macho. Sisi hatuhitaji maandishi ku ukuta. Kwetu hakuna muntu muzima anawekewa mushumaa chini ya uso. Tonton hakuuliza. Alivua kofia, nazani alifanya ishara ya musalaba, kisha akakamata telefone, akapiga foto ya foto, akatuma mu groupe ya kwaya: "Maman yetu ametutoka. Famille, courage."

Mimi nilikuwa nakaanga makemba, zile ndizi kubwa. Telefone ikaanza. Ya kwanza, binamu wa Anvers, na sauti ya pua: "Yaya, ni kweli nasikia? Na munatuficha?" Nasema: "Kweli nini?" Anakata, analia. Ya pili, mwanamuke sijui hata ni nani: "Pole, maman, pole, pole, pole," sawa kuku mwenye anaokota mahindi. Mbele nielewe, nikasikia kilio barabarani, toka ku kituo ya tram. Kwetu haungojake kufika ku nyumba, unaanza kulia njiani ili bantu bajue. "Yooo! Maman weee! Unatuacha na nani!" Nikatambua sauti ya présidente wa kwaya. Analia sawa vile anaimba: anaingia mbele ya benzake, anatoka kisha yabo.

Bakapanda. Ngazi inalia pamoja nabo. Mudogo wangu alikuwa analala ku canapé. Nikaenda kufungua, kumbe ameshafika mbele yangu, kitenge ku kifua, kichwa wazi. Akavuta mulango.

"Munalilia nani?"

Présidente akaanguka na matako ku ngazi. Thermos ikashuka peke yake mpaka kwa mama wa Mexique, ngo, ngo, ngo. Mumoja akapiga kelele: "Shetani, shindwa!" Mumoja akatupa viti, akakimbia, bananiambia alirudi kuonekana dimanche. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikaa chini ku ciment, nikacheka mpaka mbavu.

Mudogo wangu hakucheka.

Kisha bakamugusa. Ku mikono, ku mashavu. "Ni muzima! Haleluya! Ni muzima!" Bakamukumbatia, bakaruka pale pale. Na macho ya présidente yakapanda polepole mpaka ku kichwa bila nywele, yakabaki pale. Sauti ikashuka: "Lakini, maman... hii kichwa... ni nini?" Nikaona kilio kinarudi ku uso wake, sawa muntu anavaa tena nguo alikuwa amevua. "Oooh, maman. Umekonda."

Viti vilikuwa vimeshapanda. Bakakaa duara.

Kaka yetu wa Bukavu alikuwa ameshanyoa kichwa na kutandika bâche, turubai ya matanga, mu kiwanja. Bantu banakaa kilio, kahawa inapikwa. Tukapiga simu ya kuonana. Bakapitishana telefone toka mukono ku mukono: "Ageuke. Aseme kitu. Ainue mukono." Mjomba mumoja muzee akasogeza jicho mpaka tunaona pua tu: "Hii ni mashine inasema. Siku hizi banafanya." Mudogo wangu akazima, akalaza telefone uso chini.

Mupiga-foto alifika kesho yake, analia, pua nyekundu. Mama wa Mexique naye alipanda, nguo ya kazi bado ku mwili. Njo yeye alianza, Kispanyola chote kikatoka. Kisha na Kifaransa, ili tusikie: "Myaka yote kwetu! Umekula ku meza yetu! Nani alikufundisha kuweka muzima kule juu?"

Mupiga-foto: "C'était un hommage, kumupatia heshima. Nilitaka kusema... ule mupaka, kati ya bazima na bafu... ni mwembamba..."

Mudogo wangu akamuangalia. Hakupandisha sauti. "Madame, mimi njo nilikuwa nimekaa ku ule mupaka. Wewe ulinisukuma."

Foto aliitoa ile ile siku, lazima niseme. Alituletea, imefungwa mu karatasi, akaisimamisha ku couloir uso ku ukuta. Lakini mu matelefone utaitoa namna gani? Ilikuwa imeshazunguka Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, na maua yake na "repose en paix", lala na amani, ya bantu benye hatujui.

Bageni bakaendelea. Kila siku kitu kile kile, thermos, viti, "Mungu anajua". Mama wa Mexique alisema ashuke, amuite tena. Mudogo wangu akamujibu: "Utaniita toka wapi? Niko hapa hapa, ku canapé, mbele ya bote." Hakushuka tena kule chini. Sahani ikaanza kurudi mu cuisine imejaa.

Noël ikishapita, mudogo wangu akafunga valise. Mufulama mumoja, mwanamuke muzungu mwenzake wa kazi, alikuwa na chumba Mons. "Kule hakuna mwenye anajua jina yangu, yaya. Nikipita, banasema bonjour, basi." Kila dimanche, kisha kanisa, nilikuwa napanda train ku Gare du Midi, na bakuli ya sombe, majani ya muhogo, imefungwa mu taulo, naenda kumuona. Tulikuwa tunatembea polepole, anavaa bonnet. Ku kanisa nikasema amepata kazi mbali. Hakuna mwenye aliamini, na mimi sikujisumbua. Alikaa vile baridi ya hiver na joto ya été, na nusu ya hiver ingine. Alikufa mu hospitali ya kule, asubuhi, mimi nimemushika muguu juu mikono ilikuwa na sindano.

Nikakamata telefone. Wa kwanza, présidente. Nikamuambia. Kisha, na sauti ndogo, sikuwahi kumusikia nayo: "Tena?" Akajikamata: "Pardon, maman. Ni kweli, safari hii?" Binamu wa Anvers: "Yaya, mimi machozi yangu nilimaliza ule mwaka. Na jeudi, siku ya kuzika, niko ku kazi." Tonton gardien hakushika simu. Ule mwenye anasema pole, pole, pole, sijui, sina numéro yake.

Ku makaburi tulikuwa bantu ya kuingia mu gari mbili. Mufulama na bwana yake. Mama wa Mexique, na shali nyeusi ku kichwa. Présidente alikuya, nimushukuru, na bamama babili, bakaimba moja tu, upepo ukabamalizia. Mupiga-foto alisimama nyuma bila apareye. Hakujua mikono yake aiweke wapi, akaiingiza mu mifuko, akaitoa, akaiingiza tena. Ku barabara tram ya kwao ilipita bila kusimama.

Nikirudi nikapiga Bukavu. Kaka yetu akasikia, akalia kidogo, nilisikia ni kweli. Kisha akatengeneza sauti:

"Yaya, pole sana. Lakini kutandika bâche tena... Niliongea na majirani. Banasema bo balishalia. Banasema balikaa ku baridi, bakakunywa kahawa, mara banaambiwa ni muzima. Nibaite tena namna gani?"

Nikamuambia: "Mulilia foto. Sasa njo amekufa yeye."

Kisha akaniuliza kama nimekula.